Kufunga kipoza oili kwenye Forester ya tabo ukiwa Mbeya (na kwa nini themostati sio ya kuruka)

Wakuu, kuna asubuhi moja ya mwezi wa saba gari iko nje ya geti hapa Soweto ya Mbeya, vioo vina ukungu, vidole vimekufa ganzi, nafungua kizibo cha oili nicheki nakuta kwa ndani kuna ute mweupe mzito kama mtindi. Jirani alikuwa anapita na ndoo yake akachungulia, akasema bila kuulizwa, "Pole kaka, hiyo gasketi ya silinda hedi imeondoka." Nusu saa baadae washafika watu watatu na kila mmoja ana fundi wake wa kunipeleka. Gasketi haikuwa na shida yoyote. Shida nilikuwa mimi, nilifunga oili kula kubwa (kirejeta cha kupoza oili) bila themostati (kile kivalvu kinachozuia oili isiende kupozwa mpaka ipate moto) nikajiona nimeipa injini zawadi, kumbe nimeivua koti Mbeya mwezi wa saba. Oili ilikuwa haipati moto wa kutosha kukausha ule unyevu, ndo ukawa ute.

Sasa kabla hatujaenda mbali, mafundi wengi wanaita oili kula, mimi nitaandika kipoza maana nikiandika kula kila mstari mtadhani naongelea ugali. Na gari ninayoiongelea ni Forester SG5 ya tabo, injini EJ20. Wenye Impreza WRX mambo ni yaleyale karibu yote, wenye Mark II za 1JZ na Altezza nitawagusa pale inapobadilika.

Kitu cha kwanza sio kununua kipoza, kitu cha kwanza ni kujua oili yako inafika joto gani. Ule mshale wa dashibodi ni wa maji, na ukishafika pale karibu na katikati unakaa hapohapo kama umegandishwa hata kama oili huko chini inaungua, kwa hiyo mtu anayekwambia "mbona mshale haujapanda" msamehe tu. Nunua geji ya joto la oili na kama mfuko unaruhusu ongeza ya presha. Injini yenye afya oili inatakiwa icheze kwenye nyuzi 90 mpaka 110 ikiwa imeshapata moto. Ikigusa 120 kwa muda mfupi kwenye mlima sio msiba, ila ikivuka 120 na bado inapanda na wewe hujamaliza kupanda, hapo oili inakuwa nyepesi kama maji ya wali, presha inashuka na beringi za konrodi ndo zinaanza kulipa deni. Upande wa pili pia una shida yake, oili isiyofika hata 80 haikaushi maji na petroli inayovuja kidogokidogo kwenye ringi za pistoni wakati injini ni baridi, na inakuwa nzito kupita mahitaji.

Pima kwa wiki nzima sio siku moja. Asubuhi ya baridi kwenda kazini, jioni kwenye foleni ya Mwanjelwa, halafu siku moja panda barabara ya Chunya kutokea mjini, unaanza kwenye kama mita 1,700 unapita msitu wa Kawetire mpaka unavuka mita 2,400, mlima wote unapanda gia ya tatu tabo inapuliza muda wote. Mimi yangu ilisoma 127 kabla sijafika juu kabisa. Siku nyingine shuka nayo Kyela mchana, kule uko karibu na usawa wa Ziwa Nyasa joto la nje lenyewe linatosha kukaanga mtu, na kama una safari ya Dar basi angalia geji Kitonga wakati wa kurudi, upo nyuma ya semi iliyobeba mzigo wa Zambia, gia ya pili, hewa haipiti mbele na mzigo uko kwenye injini. Kama kwenye hayo yote hujavuka 110, funga mada hii, hela yako peleka kwenye matairi na breki, sikutanii.

Watu wa Dar wanashangaa kwa nini sisi wa nyanda za juu tunahangaika na joto wakati tunavaa makoti. Sababu ni hewa. Kwa urefu huu wa Mbeya hewa ni nyepesi karibu sehemu moja ya sita kuliko ya pwani, kwa hiyo ile inayopita kwenye rejeta inabeba joto kidogo zaidi, na tabo nayo inalazimika kuzunguka zaidi kufikisha presha ileile, inazalisha joto zaidi. Hata maji ya chai hapa yanachemka kwenye kama 94 sio 100. Kwa hiyo gari moja mji mmoja, asubuhi oili haipati moto, mchana kwenye mlima inapitiliza. Ndo maana nasema kipoza bila themostati huku kwetu ni nusu kazi, mtu wa Dar anaweza akajitetea, wewe wa Uyole huna pa kujitetea.

Haya, manunuzi. Kipoza chenyewe kinahesabiwa kwa mistari, utakuta cha mistari 10, 13, 16, 19, 25. Kwa Forester ya kutembea barabarani na kupanda milima, 13 mpaka 16 inatosha kabisa, 19 ni kama injini imeshaongezwa nguvu au unaipeleka kwenye rali za Iringa. Mimi nilichukua 19 kwa ushamba, bado ninacho, themostati ndo imekiokoa. Halafu unahitaji ile pleti inayokaa kati ya bloku na filta, wenyewe wanaita sandwichi, chagua yenye themostati ndani yake. Hizi nyingi zinafungua kwenye nyuzi 80 na kitu, na hata ikiwa imefunga inaachia oili kidogo ipite kwenda kwenye kipoza ili mipira isikae na hewa, kwa hiyo usishangae ukisikia vuguvugu kidogo kabla haijafungua. Mipira ya AN-10 (AN ni saizi za mipira na fitingi, namba ikipanda njia inakuwa pana) kama mita mbili, fitingi nne, mbili za kunyooka na mbili za kona kulingana na gari yako. Oili na filta mpya. Usichukue mipira ya AN-6 eti ni rahisi, njia inakuwa finyu na presha ya oili inaisha njiani.

Kipoza cha mtumba usinunue. Najua Tunduma vipo, najua Ilala vipo, najua bei inavutia, ila jiulize kile kipoza kilitoka kwenye gari gani na kwa nini ile gari ilikatwa. Injini ikifa beringi inatema unga wa chuma na ule unga unaenda kulala kwenye vile vimistari vya kipoza, hakuna petroli wala kompresa itakayoutoa wote, na siku umekifunga kwako unakuja kwenye beringi zako kidogokidogo. Mipira na pleti za mtumba unaweza ukakagua kwa macho. Kipoza hapana.

Kuna njia ya kupunguza gharama ambayo sisi wa barabara ya Tanzam tunaiweza kuliko wengi. Mji huu una malori na matrekta kibao kwa hiyo wanaobana mipira ya haidroliki wapo, na fitingi zao za JIC zina kona ya nyuzi 37 sawa na za AN, saizi ikiwa moja zinaingiliana. Unapeleka vipimo wanakukatia na kukubania kwa mashine, kazi inakuwa safi. Ila soma maandishi kwenye mpira kabla hujalipa, mipira mingi ya kawaida ya haidroliki imeandikwa mwisho nyuzi 100, na oili yako wewe ndo kwanza inafika 120. Muulize kama ana unaostahimili zaidi, kama hana muache, presha ya haidroliki ni kubwa mno kuliko ya injini kwa hiyo hapo kwenye presha uko salama, kitakachoua mpira ni joto.

Jambo la thredi naomba mlisome mara mbili. Filta ya Subaru inakaa kwenye thredi ya M20x1.5. Filta ya Toyota, hizo 1JZ na 3S za Altezza, ni 3/4-16 UNF. Ukizishika mkononi zinafanana kama mapacha, moja ni milimita 20 nyingine ni 19 na kidogo, na ukilazimisha moja kwenye nyingine inaanza kuingia vizuri tu, raundi moja, raundi ya pili unasikia inakaza unasema ohoo inashika, kumbe inakula. Pleti nyingi zinakuja na bolti za kati zaidi ya moja ndani ya boksi, chukua filta yako mpya uijaribishe kwenye ile bolti juu ya meza, izungushe kwa vidole viwili mpaka mwisho. Ikienda laini ndo yenyewe. Na sensa vilevile, tundu za pembeni za pleti mara nyingi ni 1/8 NPT, wakati geji nyingi za Kijapani sensa yake ni 1/8 PT, moja ina meno 27 kwa inchi nyingine 28, zinashikana raundi chache halafu zinavuja. Nunua adapta, ni kitu cha bei ndogo.

Sasa chungulia chini ya Forester yako kabla hujafungua chochote. Filta inaning'inia chini ya injini mbele, imezungukwa na mabomba ya egzosti, na kwenye hizi za tabo kati ya bloku na filta utaona kidude cha mviringo chenye mipira miwili ya maji. Hicho ni kipoza cha kiwandani, kinapitisha maji ya rejeta kando ya oili. Mitandaoni wengi wanasema kitoe. Mimi nasema kwa huku kwetu kiache, kwa sababu asubuhi maji yanapata moto haraka kuliko oili na kile kidude kinaipasha oili badala ya kuipoza, ukikitoa umejiongezea dakika kadhaa za kutembea na oili baridi. Pleti ya sandwichi inakaa chini yake tu, thredi ni ileile. Shida inayobaki ni urefu, filta inashuka chini zaidi, kwa hiyo tafuta filta fupi na hakikisha haizidi chini ya fremu ya mbele. Ukijua matuta ya barabara zetu huna haja ya kuambiwa kwa nini.

Kipoza kinakaa wapi? Uzuri wa Forester intakula (kipoza hewa ya tabo) iko juu ya injini inapumua kwa tundu la boneti, kwa hiyo mbele kuna nafasi. Toa bampa, sio kazi kubwa, ni vizibo vya plastiki na bolti chache, vizibo vitavunjika viwili vitatu hiyo ni kawaida uwe na akiba. Unaweza kukiweka mbele ya kondensa ya AC pale katikati chini, uache upenyo wa vidole viwili hivi kisiigandame kondensa, au ukipeleke pembeni nyuma ya tundu la taa ya ukungu. Pembeni panapendeza na rejeta haipewi hewa iliyokwisha pata moto, ila lazima utengeneze njia ya hewa ya bati kuingia na hewa ipate pa kutokea nyuma, bila ya kutokea hewa haiingii, inakuwa umefunga pambo. Kwa mtu anayefunga mara ya kwanza nashauri mbele.

Tundu za mipira ziangalie juu, au kipoza kilale ubavu oili iingilie tundu la chini itokee la juu. Zikiangalia chini hewa inabaki imenasa kule juu na sehemu ya kipoza haifanyi kazi. Kishikilie kwa vipande vya flati baa vilivyotobolewa, na kila bolti iwe na raba chini yake, kata hata mpira wa tairi la zamani, kwa sababu alumini ile ikitikiswa moja kwa moja na bodi kwa barabara za Isyesye itapasuka kwenye kona ndani ya miezi. Halafu weka wavu mdogo mbele, mawe ya malori hayana adabu. Usitumie zile tai za plastiki za kupitisha katikati ya mistari ya kipoza, zinasugua mpaka zinatoboa.

Kutengeneza mipira ndo sehemu watu wanaumia mikono. Pima kwanza na kamba, ipitishe kamba njia yote ambayo mpira utapita, injini inacheza ukiwasha na ukikanyaga kwa hiyo ongeza kidogo usikate wa kubana. Zungushia tepu ya umeme raundi tatu nne pale unapotaka kukata, ikaze kabisa, halafu kata katikati ya tepu na grainda yenye diski nyembamba au msumeno wa chuma wa meno madogo. Bila tepu ule wavu wa chuma wa nje unachanua kama ufagio na kila uzi wake ni sindano. Ukimaliza kukata chungulia ndani, kuna vumbi la mpira na chuma, hilo ndo linaloua injini mpya. Puliza na kompresa, mwagia petroli au dawa ya kusafishia breki, pindua upande wa pili, puliza tena, pitisha kitambaa kwa waya, kikitoka cheusi rudia. Mimi napitisha mpaka kitambaa kitoke kama kilivyoingia.

Kisha ingiza mpira kwenye ile soketi ya fitingi ukiwa na tepu yake, sukuma huku unazungusha mpaka ubakishe kama milimita moja au mbili kabla thredi ya ndani haijaanza. Hapo weka alama kwenye mpira pembeni ya soketi, chora kwa kalamu ya rangi. Paka oili kwenye ile sehemu ya kuingilia, bana soketi kwenye vaisi yenye mbao laini, na anza kukaza kwa spana malaya (ndo jina lake, mnisamehe). Ukiwa unakaza angalia ile alama, ikisogea mbali na soketi maana yake mpira unarudishwa nyuma unatoka, fungua uanze upya, usijifariji. Na zile kona za nyuzi 37 hazipakwi tepu nyeupe ya mabomba hata kidogo, zenyewe zinakaa chuma kwa chuma, ile tepu ukiipaka itakatika kipande kiende kuziba njia ya oili. Tepu ya bomba ni ya watu wa maji.

Siku ya kufunga chagua Jumapili, gari iwe imetembea kidogo oili iwe vuguvugu itoke vizuri. Iinue kwa jeki na uweke stendi pande mbili, sio matofali, nimeona tofali la kuchoma likipasuka chini ya gari na bahati hakukuwa na mtu. Nati ya kumwagia oili ni spana namba 17, weka ringi yake ya washa mpya wakati wa kurudisha. Toa filta.

Hapa kwenye filta ngoja niwasimulie. Mara ya pili niliporudia kazi kwa ajili ya themostati nilikuwa gereji ya mzee mmoja Iyunga, alikuwa hagusi gari yangu, kakaa kwenye tairi anakunywa chai yake ananiangalia tu. Nimeshatoa pleti ya zamani, nina pleti mpya mkononi najiandaa kuipandisha, akaita.

"Kijana, hiyo raba ya zamani umeiona?"

"Raba ipi mzee?"

"Ya pleti. Angalia kwenye pleti uliyoitoa."

Nikaokota pleti ya zamani kwenye beseni, nikaifuta na kitambaa, haina raba. Nikarudi chini na tochi, ipo imeng'ang'ania kwenye uso ilipokuwa imekaa pleti, nyeusi kwenye weusi, huioni mpaka uikwangue na ukucha. Ningepandisha pleti mpya juu yake zingekuwa raba mbili zimepandana, ukiwasha inashika kwa muda, presha ikipanda moja inachomoka na oili yote iko barabarani kabla hujafika Mafiat. Nikamwambia "Ndaga fijo mzee" (asante sana kwa Kinyakyusa), akacheka akarudi kwenye chai yake. Tangu siku hiyo kabla ya chochote napitisha kidole kwenye uso wote wa pale, mduara mzima.

Futa uso vizuri, paka oili safi kwenye raba ya pleti, ipandishe kwa mkono huku bolti ya kati bado imelegea, izungushe mpaka zile tundu mbili za mipira ziangalie sehemu ambayo fitingi haigusi bomba la egzosti wala fremu. Jaribu na fitingi zikiwa zimefungwa, usikadirie kwa macho. Ukiipata shika kwa mkono mmoja ukaze bolti ya kati kwa nguvu iliyoandikwa kwenye karatasi iliyokuja na pleti, sio kwa hasira, ni alumini. Filta mpya ijaze oili kidogo, paka raba yake, ikaze kwa mkono mpaka iguse halafu kama robo tatu ya mzunguko basi.

Mipira sasa. Kwenye kukaza unatumia spana mbili, moja inashikilia fitingi ya kipoza isizunguke nyingine inakaza nati, ukitumia moja unaweza kuling'oa lile tundu la kipoza lilivyochomelewa na hapo umenunua kipoza kingine. Kuhusu upi unaenda wapi, kama kipoza kimekaa tundu zinaangalia juu haijalishi sana, kama kimelala ubavu fuata nilichosema, oili ya kutoka kwenye injini iingie chini. Ipitishe mipira mbali na egzosti, na pale isipowezekana kuwa mbali ivalishe soksi ya kuzuia moto. Kila mpira unapopita kwenye tundu la bati weka raba ya pembeni au pasua kipande cha mpira wa maji uzungushie, ule wavu wa chuma ni msumeno, utakula bati, utakula kondensa, utakula waya wa taa na mwisho utajila wenyewe. Chini kabisa hakuna mpira unaotakiwa kuning'inia chini ya fremu. Ile kava ya chini irudishe, ikate kidogo inapobidi, usiitupe, ndo inayozuia jiwe.

Mimina oili. Injini inachukua lita 4 na kidogo, kipoza na mipira vinaongeza kati ya nusu lita na lita moja kulingana na ukubwa, kwa hiyo uwe na lita moja ya ziada pembeni. Anza na kiasi cha kawaida kwenye stiki.

Usiwashe bado. Njia yote ile mpya ni hewa tupu na ukiwasha moja kwa moja beringi zinazunguka kavu zikisubiri. Chomoa soketi ya sensa ya kranki, kwenye EJ ipo juu mbele chini ya altaneta, hapo haitoi moto wala petroli. Wenye 1JZ chomoeni fyuzi ya EFI. Piga stata sekunde 10, pumzika nusu dakika stata ipoe, piga tena, mpaka geji ya presha inyanyuke au taa ya oili izime. Mimi ilinichukua mara nne. Ukishapata presha rudisha soketi, washa, iache ilegee, yaani izunguke taratibu yenyewe, USIKANYAGE, mwenzako awe chini na tochi anaangalia fitingi zote nne, pleti na filta. Tone moja ni tatizo, zima kwanza kaza. Hakuna tone dogo kwenye oili yenye presha.

Iache ipate moto. Shika mpira unaoenda kwenye kipoza, mwanzoni ni wa baridi au vuguvugu kidogo tu, geji ikikaribia 80 na kitu utasikia unaanza kuwa wa moto kweli, hapo themostati imefungua, toa mkono. Zima, subiri dakika kumi, soma stiki, utakuta imeshuka kwa sababu kipoza kimejaa, ongeza. Angalia na presha, ikiwa ya moto na injini inalegea iwe karibu na bar 1, na kwenye mizunguko 3,000 iwe bar 3 au zaidi. Linganisha na ulizoandika kabla ya kufunga, kama zimeshuka sana kuna mpira umejikunja au fitingi ndogo mahali.

Majaribio usifanye kwenye mteremko wa Inyala wala barabara kuu yenye malori, na trafiki wa tochi hawajali kama unapima oili. Nilirudi palepale Chunya, gia ileile, siku yenye hali ya hewa inayofanana, safari hii ikaishia 108 na ikakaa. Asubuhi yake kwenye ile baridi ikafika 85 nikiwa bado sijafika kazini, kizibo nimekifungua baada ya wiki, kikavu. Jirani wa ndoo nilimuonyesha, akasema basi yule fundi wa gasketi ni mzuri.

Baada ya kilomita mia mbili hivi rudi chini ukague fitingi zote na alama zako za kalamu, raba za kipoza na pale mpira unapogusa bati. Na ukija kubadilisha oili ujue ile iliyoko kwenye kipoza na mipira haitoki yote kwa nati ya chini, kwa hiyo usimimine zile lita zote ulizomimina siku ya kwanza, mimina za kawaida, washa ipate moto mpaka themostati ifungue, zima, halafu ndo usome stiki.